Kitabu Nilichokamata



Komite ya gazeti letu iliniomba niandike juu ya vitabu vizuri vya kusoma wakati wa mapumziko makubwa, vile vinavyotufaa sisi vijana na vile vinavyoweza kuwafaa wazazi wetu nyumbani. Waliniomba mimi kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi ni mkubwa wa wanafunzi mwaka huu, tena ufunguo wa kabati ya vitabu uko kwangu. Ya pili, wanasema mimi ni mtu wa kupenda kusoma sana. Hiyo ya pili ni kweli, lakini ni kweli tangu mwaka mmoja na nusu tu, na ginsi ilivyoanza si ginsi ya kujivunia. Inafaa niieleze kwanza, sababu nisipoieleza, yote nitakayosifu hapa chini yatakuwa na uongo ndani.

Mwezi wa kumi nilibandika orodha juu ya mlango wa kabati. Vitabu kumi na viwili, majina kwa herufi kubwa, biki nyekundu, na mstari chini ya kila jina. Nikangoja. Wiki tatu zikapita. Walikuja wanafunzi wawili, na mmoja wao alitaka diksionere. Mwalimu wetu wa Kifaransa akapita pale, akasoma orodha mikono nyuma, akacheka. Akaniuliza: «Hii ni karatasi ya bei ya duka? Katika vitabu hivi, ni kipi umemsimulia mtu hata mmoja?»

Nilikaa kimya. Nilikuwa nimesimulia kimoja tu maishani mwangu, na kile hakikuwa juu ya orodha, kwa sababu hakikuwa cha masomo yetu, wala hakikuwa changu.

Wakati nilipokipata nilikuwa kapita wa nyumba ya kulala. Ninyi wa internati mnajua sheria: jioni, saa ya kujisomea, mtu anafungua madaftari na vitabu vya darasa tu. Mimi nilikuwa mkali kwa sheria hiyo kuliko Bwana Direkta mwenyewe. Romani kwangu ilikuwa kitu cha watu wasiokuwa na kazi. Mtihani wa Serikali hauulizi romani, nilikuwa nikisema, tena kwa sauti kubwa. Jioni moja nikaona kijana wa madarasa ya chini ameinama sana juu ya kitabu cha hesabu. Mtu hapendi hesabu namna ile. Nikapita nyuma yake polepole. Ndani ya kitabu cha hesabu mlikuwa kitabu kingine, kidogo, mgongo wake umeshonwa upya kwa uzi wa gunia.

«Lete.»

Akaleta bila neno. Nikakitia katika sanduku langu la chuma, nikafunga kufuli, nikalala usingizi mzuri.

Kijana yule alitoka Oicha, kaskazini ya Beni, njia ya kwenda Eringeti. Sina haja ya kuwaeleza ninyi maana ya kutoka Oicha. Tangu mwezi wa kumi wa mwaka 2014 watu wengi wa teritware ya Beni waliuawa, wengine shambani, wengine nyumbani mwao, na vijiji vizima vikahama. Katika madarasa yetu mna wale waliofika Butembo na godoro moja juu ya pikipiki. Jamaa yake ilikodi vyumba viwili huku mjini. Ndani ya jalada la kitabu nilikuta jina la baba yake kwa wino wa zamani, na chini yake neno Oicha. Nililiona siku ile ile ya kwanza. Sikujiuliza ni kwa nini watu wanaokimbia usiku walichagua kubeba kitabu.

Alikuja kukiomba mara tatu. Mara ya kwanza alisema: «Yaya kapita, kitabu yangu utanirudishia siku gani?» Nikajibu: mwisho wa trimestri. Mara ya pili akasema: «Ni ya papa.» Nikajibu: mwisho wa trimestri, nimesema. Mara ya tatu hakusema kitu. Alisimama mbele ya kitanda changu mpaka nikamwambia aende zake.

Kisha mapumziko ya Pasaka yakafika, nikaenda nyumbani mbio na sanduku langu. Kijana hakurudi tena masomoni. Wengine walisema jamaa yake ilivuka Kasindi kwenda Uganda, wengine walisema ilirudi Oicha kulima, sababu huku Butembo nyumba inalipwa kila mwezi na shamba halimngojei mtu. Kitanda chake kikapewa mwingine. Kitabu kikabaki kwangu.

Nilikifungua siku ya mvua, nikiwa na homa ya malaria, bila kitu kingine cha kushika mkononi. Ni L'Enfant noir, maana yake Mtoto Mweusi, cha Camara Laye wa Guinea. Kilitoka mwaka 1953. Mwandishi alikuwa kijana mbali na kwao, huko Ufaransa, ambako alifanya kazi hata katika kiwanda cha magari, naye akaandika mambo ya utoto wake katika mji wa Kouroussa, baba yake akiwa fundi wa kufua vyuma na dhahabu. Wengine wanakiita romani, wengine wanakiita maisha ya mtu mwenyewe. Mimi naona ni vyote viwili, na hiyo inanisaidia, sababu komite iliomba vya namna zote mbili.

Mna sura moja ambayo mwanamke anakuja na dhahabu yake, aliyoiosha mwenyewe mtoni, anataka afanyiwe pambo kwa siku ya sikukuu. Haji peke yake, anakuja na mwimbaji wa kumsifu fundi. Baba anatia dhahabu katika chungu kidogo, mivukuto inapulizwa, na tangu hapo hakuna mtu anayesema kitu. Midomo ya baba inachezacheza tu bila sauti. Mtoto amekaa pembeni anaangalia. Wandugu, huku kwetu dhahabu tunaifahamu kama kitu cha kununua na kuuza: unga kidogo ndani ya karatasi, mizani ndogo, hesabu, mlango unafungwa. Sikuwaza hata siku moja kwamba mtu anaweza kuiheshimu dhahabu kwa kunyamaza.

Papa yangu ni fundi wa kuchomea vyuma. Anatengeneza milango na madirisha ya watu. Tangu utoto nilipita mbele ya kazi yake nikiziba macho kwa mkono, sababu ya ule mwanga, tena nilikuwa nikimwona kama mtu mchafu wa moshi ambaye anatulipia masomo. Baada ya kusoma sura ile nikaenda nikaketi karibu naye. Akazima mashini, akainua miwani, akaniuliza: «Wamekufukuza masomo?» Nikasema hapana. Nikamsimulia mambo ya fundi wa Kouroussa kwa Kiswahili chetu, tangu chungu mpaka pambo lilipomalizika na fundi akacheza mbele ya watu wote. Papa hakusoma Kifaransa kwa kutosha. Alisikiliza kama mtu wa kazi anavyosikiliza. Aliuliza chungu kilikuwa cha udongo gani. Aliuliza nani alipuliza moto. Mwisho akauliza: «Na yule mama alimulipa franga ngapi?» Nikarudi kitabuni kutafuta. Ndicho kile kimoja nilichokuwa nimesimulia.

Najua watu wataniuliza habari ya nyoka. Ndiyo, mna nyoka mweusi katika sura ya kwanza, naye ni rafiki wa baba, anamjulisha mambo kabla hayajatokea. Mkristo mmoja wa hapa hapa masomoni aliposikia akasema kitabu cha namna ile hakifai kuingia kwetu. Nikakipeleka kwa pasta wetu. Alikaa nacho wiki mbili, akakirudisha na neno moja: tukisome, kisha tubishane. Nami nasema vilevile. Tusipojua wazee wetu walisadiki nini, tutabishana na nani?

Lakini sura iliyonipiga haikuwa ya nyoka wala ya dhahabu. Ni ile ya masomo. Katika masomo ya Kouroussa wanafunzi wakubwa waliwatesa wadogo, waliwapiga fimbo, waliwanyang'anya chakula na franka, na mwalimu mkuu alikuwa kama haoni. Mmoja wa wakubwa anapita wenzake kwa ukali. Rafiki wa Camara, mtoto mnyonge wa mwili, anavumilia mpaka anashindwa, anamwambia baba yake. Nilisoma kwa hasira kubwa juu ya yule mkubwa. Nilikuwa nikimwita mnyama, peke yangu kitandani. Nikafika katikati ya sura, nikainua macho, nikaona sanduku langu na kufuli yake.

Haya nimeyasema. Sasa tuendelee na vingine, sababu komite iliniomba vitabu, na si ungamo.

Baada ya maneno ya mwalimu wa Kifaransa nilishusha ile orodha. Nikajaribu njia nyingine: kitabu kimoja kwa mtu mmoja, tena mtu ninayemjua. Wengine walinifukuza. Wengine walinishangaza.

Mama yangu mdogo ni mjane. Anauza maharagi hapa Butembo. Mume wake alipokufa, wandugu wa mume walifika kabla ya matanga kwisha, wakaandika vitu vya nyumba juu ya karatasi, hata sufuria. Kisha mkubwa wao akatoa shauri kwamba angemrithi na yeye mwenyewe. Siwezi kueleza zaidi, ni mambo ya jamaa. Niliposoma Une si longue lettre, Barua ndefu namna hii, cha mama Mariama Bâ wa Senegal, nilimwona mama mdogo katika kila ukurasa. Kitabu kilitoka mwaka 1979, mwaka 1980 kikapata tuzo ya Noma, ya kwanza kabisa kutolewa kwa vitabu vya Afrika, na mwaka uliofuata mwandishi akafa. Ni barua ya mjane Ramatoulaye, mwalimu, mama wa watoto kumi na wawili, kwa rafiki yake wa tangu utoto. Mume alimwacha kwa ajili ya msichana aliyesoma pamoja na binti yake, kisha akafa. Siku arobaini zinapokwisha, kaka wa marehemu anaingia nyumbani na kumwambia kwamba atamwoa. Anasema tu, hamwombi. Ramatoulaye alinyamaza miaka mingi, sasa anafungua kinywa.

Nilimsomea mama mdogo jioni, yeye akichambua maharagi, mimi nikigeuza Kifaransa kuwa Kiswahili polepole. Pale pa kaka wa marehemu mikono yake ilisimama.

«Soma tena pale. Alimujibu nini?»

Nikasoma tena. Nikasoma mara ya tatu. Akasema: «Kumbe hata kwabo iko vile.» Kisha akakasirika na Ramatoulaye! Alisema mwanamke mwenye mshahara wa Serikali anaweza kujibu namna ile, lakini yeye angejibu vile angelala wapi? Tulibishana mpaka makaa yakazimika. Jioni iliyofuata nilikuta wamama wanne wa korali wameketi pale, kila mmoja na chombo chake cha maharagi, ati walikuja kumsaidia kuchambua. Tulimaliza kitabu kwa jioni sita. Mwalimu mmoja aliniambia kwamba kitabu hiki kiligeuzwa pia kwa Kiswahili huko Tanzania. Mwenye kukipata Kampala au Nairobi akilete, wamama wananidai.

Wavulana, msiseme ni kitabu cha wanawake. Kisomeni kabla hamjawa wandugu wa marehemu.

Cha tatu ni kizito, ni cha darasa la tano na la sita, na cha watu wazima: La Peste, yaani Tauni, cha Albert Camus, mwaka 1947. Mji wa Oran katika Algeria unapata ugonjwa wa tauni, panya wanakufa kwanza, kisha watu, na milango ya mji inafungwa. Nani katika sisi hajui? Tarehe 1 ya mwezi wa nane 2018 walitangaza Ebola kule Mangina karibu na Beni, ikashuka mpaka Butembo na Katwa, na ilipotangazwa kwisha tarehe 25 ya mwezi wa sita 2020 watu 3470 walikuwa wameugua na 2287 wamekufa. Mimi nilikuwa mtoto wa masomo ya msingi. Nakumbuka maji ya klorini mlangoni, termometre kama bastola mbele ya uso, na kusalimiana kwa kiwiko. Sikukumbuka hofu. Nilifikiri sikuwa na hofu. Kitabu cha Camus ndicho kilichonirudishia hofu ile, na nikaelewa kwamba niliiweka mahali.

Nilimpa jirani yetu, muuguzi aliyefanya kazi katika kituo cha wagonjwa wa Ebola, ambaye wandugu zake mwenyewe walikataa kula naye. Alikisoma mwezi mzima. Aliporudisha alisema: «Huyu doktere Rieux anachoka sawasawa na sisi. Lakini hakuna aliyemutupia jiwe.» Ni kweli. Huko Oran watu wanaogopa ugonjwa, huku kwetu watu wengi waliogopa pia wale waliokuja kuuponya. Walisema ni biashara, walisema ugonjwa uliletwa. Mwezi wa pili 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa, na tarehe 19 ya mwezi wa nne Doktere Richard Mouzoko, mtu wa Cameroun, aliuawa kwa risasi hapa Butembo akiwa kazini. Kitabu cha jambo hilo Camus hakukiandika. Nami namlaumu kwa lingine: katika mji ule wa Waarabu sikukutana na Mwarabu hata mmoja mwenye jina. Wanakufa wapi, nani anawalilia? Hata hivi kisomeni. Yule padri anayehubiri kwamba tauni ni fimbo ya Mungu, kisha anasimama karibu na mtoto anayekufa kwa maumivu, mtakumbuka mahubiri yake mawili muda mrefu. Mahubiri ya pili si kama ya kwanza.

Sasa vya Kiswahili, maana nasikia mtu ananung'unika kwamba vyote ni vya Kifaransa. Katika kabati mna Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951. Ni habari ya nchi inayoelea hewani, na Karama anayeshitakiwa kwa kosa la kufundisha watu sheria, naye anajitetea siku sita. Hadithi ni tamu, lakini Kiswahili chake ni cha bahari kweli kweli, mimi nilikaa na diksionere magotini. Kwao sisi tungechekwa. Wanasema shule, sisi tunasema masomo, kisha wao wanatumia masomo kwa kitu kingine. Msikate tamaa katika kurasa za kwanza.

Na tangu nilipokisoma nilikuwa nawaza kwamba Kiswahili cha vitabu ni cha watu wa bahari peke yao, na chetu ni cha sokoni tu. Mwalimu wetu wa historia ndiye aliyenigeuza. Alitoa kwa imprimante mjini karatasi za kijitabu kimoja cha mwaka 1965, jina lake Vocabulaire ya mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Aliyekiandika ni André Yav, kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboyi wa wazungu. Mtaalamu Johannes Fabian alikitoa katika kitabu mwaka 1990, na kwa hiyo hakikupotea. Ni historia ya mji iliyosimuliwa na watu waliopika, waliofua nguo na waliotandika meza. Kimeandikwa kwa Kiswahili ambacho mwalimu yeyote angekijaza biki nyekundu: maneno yanaungana, yanatengana, nukta zinakaa mahali zinapotaka. Lakini mwenye kusema pale anajua mambo ambayo gavana hakuyajua, maana gavana alipokuwa akiongea mezani, boyi alikuwa amesimama nyuma yake na sahani.

Hicho nilimsomea mzee sentineli wetu, usiku, langoni. Kabla ya mwaka 1973, wakati Mobutu alipotwaa mashamba ya wageni, yeye alimpikia mzungu mmoja wa shamba la kahawa upande wa Beni. Tulipofika mahali pa majina ambayo wafanyakazi waliwapa wazungu wao, alicheka mpaka tochi ikaanguka. Yeye na wenzake pia walimpa wao jina. Aliniambia, na akanikataza kuliandika. Kisha akaanza kusimulia mwenyewe, na usiku ule karatasi zilibaki magotini mwangu mpaka kengele ya asubuhi. Toka siku ile nina daftari ya mambo yake. Si kitabu bado.

Mwalimu huyo huyo alinionyesha pia Maisha ya Hamed bin Muhammed, ndiye Tippu Tip, aliyoyatunga kwa Kiswahili akiwa mzee kule Zanzibar, ambako alikufa mwaka 1905. Kasongo imo, Maniema imo, Stanley yumo, na safari za misafara iliyoleta hiki Kiswahili chetu. Anahesabu pembe za ndovu kwa uangalifu sana. Watu waliozibeba hawasemi neno. Nilikisoma nikiwa na hasira tangu mwanzo mpaka mwisho, na singependa kuwa sikukisoma.

Vingine napita mbio. Wa madarasa ya kwanza waanze na Zamenga Batukezanga wa Luozi, vitabu vyake ni vyembamba na Kifaransa chake hakina miiba. Bandoki, cha mwaka 1973, kinaongea juu ya uchawi na hofu ya uchawi, mtakimaliza kwa siku mbili. Le monde s'effondre cha Chinua Achebe tumekisoma darasani, lakini kisomeni tena bila mtihani, ni kitabu kingine kabisa. Safari ya Msafiri cha John Bunyan wengi wetu tunacho nyumbani, kimelala chini ya Biblia. Mimi nilikuwa nakiogopa kama dawa. Kumbe Bunyan alikaa gerezani miaka kumi na miwili kwa sababu ya kuhubiri bila ruhusa, na ukijua hivyo, yale majitu na magereza ya kitabuni yanapata uzito mwingine. Kurasa za mabishano unaweza kuziruka, sitamwambia pasta.

Kabati itafunguliwa siku ya ine na siku ya tano kabla ya mapumziko, saa ya mchana. Kila mtu vitabu viwili, jina katika daftari. Atakayesoma kimoja nyumbani kwa sauti mbele ya mzazi, nitampa cha tatu, na Bwana Prefe amekubali.

Imebaki neno la L'Enfant noir. Hakimo katika kabati, msinitafutie. Mwezi huu nilikipeleka ofisini kwa Bwana Direkta wa Disiplini, nikamweleza ginsi nilivyokipata na ginsi nilivyokaa nacho. Alinipa adhabu yangu, nayo ni ya haki. Kitabu kimefungwa katika karatasi ya mfuko wa simenti, na jina la kijana limeandikwa juu. Nimeuliza kwa wanafunzi wanaotoka Beni, Oicha na Kasindi, na kwa madereva wawili wa njia ya mpaka. Bado. Kama wewe unayesoma haya unaijua jamaa yake, au unasafiri upande ule wakati wa mapumziko, pita ofisini.

Kijana alikuwa ameweka alama ndani, kipande cha karatasi ya daftari kilichokunjwa mara mbili. Nilikikuta siku ya malaria, nikakiacha mahali pake. Kiko mbele kidogo ya sura ile ya wanafunzi wakubwa. Hiyo alikuwa ameimaliza. Alikuwa ameingia katika sura inayofuata, ambayo watoto wanapelekwa usiku porini chini ya mti mkubwa, wanapiga magoti, wanaficha nyuso, na simba wananguruma karibu nao kabisa. Sitawaambia simba wale walikuwa nini. Yeye hajui bado.